Kuandika ubaguzi bila kuhubiri: mwongozo kamili kwa mwandishi wa hadithi wa Kanda ya Ziwa

Hadithi nyingi za ukabila zinazoandikwa huku kwetu zina kasoro moja: mbaguzi anajulikana tangu ukurasa wa kwanza. Anafoka, anatukana kabila la mwenzake mbele za watu, kisha sura ya mwisho anaokolewa na yule yule aliyemtukana (mara nyingi ziwani, maana ziwa tunalo), analia, anaomba radhi, na sisi wasomaji tunapewa nasaha. Aliyewahi kupanga chumba Mwanza anajua mambo hayaendi hivyo. Hapa ubaguzi huja na tabasamu na "karibu mwanangu". Hukaa kwenye kodi, kwenye foleni ya kupakia dagaa, kwenye maswali anayoulizwa kijana mmoja siku ya posa wakati mwenzake hakuulizwa. Na anayefanya hayo mara nyingi ni mtu mwema kwa mambo mengine yote.

Mwongozo huu ni wa anayeandika hadithi fupi au riwaya, iwe ya kupeleka kwa mchapishaji, kushindania tuzo au kuuza kipande kwa kipande kwenye WhatsApp. Nitaenda hatua kwa hatua, na nitatumia mfano mmoja wa kubuni: Bhoke, fundi cherehani ambaye wazazi wake wako Tarime, kwa Wakurya, anatafuta chumba Nyakato, Mwanza, kwa Mama Kabula, mjane wa Kisukuma.

Hatua ya 1: Tafuta kinachogombewa

Usianze na makabila mawili. Anza na kitu. Chumba, eneo la kuanikia dagaa, mtumbwi wenye mashine, ng'ombe wa mahari, shamba la marehemu, uenyekiti wa soko. Watu wakiwa hawana wanachogombania, tofauti zao huwa habari za kupigia soga. Kikipatikana cha kugombania, zile tofauti hupewa kazi.

Tazama mwalo wa Kirumba, Mwanza, panaposhushwa samaki. Tangu biashara ya sangara ianze kuleta fedha za viwanda vya minofu, watu wamekuja kutoka Mara, Kagera, Kigoma, Kilimanjaro, na wanunuzi wa dagaa na kayabo (samaki wa chumvi waliokaushwa) wanatoka hadi Kongo. Pale kila mtu ni mgeni wa mtu mwingine. Lakini utasikia neno "wageni" likitoka zaidi siku ambayo mzigo ni mdogo na magari ni mengi.

Kabla hujaandika mstari wa kwanza, jaza majibu ya maswali matatu kwenye daftari. Nani anataka nini? Nani anacho? Na kabila, dini, rangi au asili inamsaidiaje mwenye nacho kumnyima mwenzake bila kulazimika kusema "sikupi"? Swali la tatu likikosa jibu, huna hadithi ya ubaguzi bado. Una watu wawili wanaotoka sehemu mbili.

Kwetu, majibu ni haya. Bhoke anataka chumba karibu na barabara ili wateja wa nguo wasipotee. Mama Kabula anacho, na mpangaji aliyepita alihama usiku akamwachia deni la umeme. Tarime itampa Mama Kabula sababu ya kudai fedha nyingi za mkupuo, kitu ambacho kwa kweli angependa kumdai mpangaji yeyote lakini angeona aibu.

Hatua ya 2: Chimba asili ya sifa iliyopachikwa

Orodha tunaijua sote: Msukuma mshamba, Mkurya mkali, Mhaya na majivuno, Mchaga na pesa, mtu wa Pwani mvivu. Mwandishi asiyejishughulisha huichukua orodha hiyo akaigawia majina, na tayari ana wahusika watano. Wewe uliza ilitoka wapi, maana nyuma ya sifa hizi karibu kila mara kuna kazi, shule au sera ya serikali fulani.

Wamisionari Wakatoliki walifika Kashozi, karibu na Bukoba, kwa Wahaya, mwaka 1892. Shule zikatangulia huko kuliko sehemu nyingi, kahawa ikalipa ada, na waliosoma wakaenda kufanya kazi kwenye ofisi za watu wengine. Ukikutana na mtu kwa mara ya kwanza yeye akiwa nyuma ya meza na wewe umesimama na kofia mkononi, "majivuno" ni neno linalokuja lenyewe. Wakurya nao waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, na baada ya uhuru wengi waliendelea jeshini na polisi. Kwa familia nyingi za Kanda ya Ziwa, Mkurya wa kwanza kumwona alikuwa amevaa sare.

Kichekesho kikubwa ni hiki cha "Msukuma mshamba". Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa huku walijenga muungano wa vyama vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliohesabiwa kati ya ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Pamba ile ndiyo iliyonenepesha mji wa Mwanza. Kwa hiyo mtu wa mjini anamcheka mkulima ndani ya mji uliojengwa na jasho la mkulima huyo huyo. Ukiliona hilo, mhusika wako wa kijijini hawezi tena kuingia stendi ya Nyegezi akishangaa maghorofa tu. Pengine babu yake alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, na yeye anashangaa kwa nini vijana wa mjini hawajui kupima kitu.

Angalia pia katikati ya mji. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi waliopoteza nyumba hizo walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Babu aliyenyang'anywa ghorofa na babu aliyepewa kupanga humo hawawezi kuikumbuka siku hiyo kwa namna moja. Wajukuu wao leo wanauziana vifaa vya simu.

Historia hii usiimwage kwenye aya ya maelezo. Itie ndani ya kitu kimoja kinachoonekana chumbani: picha ya mtu mwenye sare ukutani, stakabadhi ya pamba iliyohifadhiwa ndani ya Biblia, ufunguo wa mlango ambao si wao tena. Msomaji ataunganisha.

Hatua ya 3: Jifunze mila mpaka uone hesabu iliyomo

Mila nyingi zinazochekwa ni hesabu ambazo mchekaji hajazipiga. Wakara wa kisiwa cha Ukara wanajulikana kwa kulisha ng'ombe zizini na kubeba samadi hadi shambani. Aliyezoea kuona makundi ya ng'ombe mbugani anaweza kuona umaskini pale. Lakini kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, ardhi ni ile ile kila mwaka. Bila samadi hakuna chakula. Ukishaijua hesabu hiyo, unaweza kuandika vijana wawili, mmoja wa Ukara na mmoja wa mbuga za Meatu, wanaogombana kuhusu namna ya kufuga ng'ombe mmoja wa mahari, na kila mmoja akawa na haki.

Kwa Wasukuma, nenda Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Kuna makumbusho yenye ngoma za watemi (machifu wa Kisukuma) na nyumba za jadi, kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada pamoja na wazee wa Kisukuma. Uliza kuhusu Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana kwa vizazi, kila kimoja kikitafuta kuvuta watazamaji wengi zaidi, na ushabiki wake ni mkali. Hilo peke yake linatosha kukuzuia kuandika tena "Wasukuma wote huamini kuwa...". Hata ngoma hawakubaliani.

Makumbusho lakini hukupa jana. Leo utaipata kwenye meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe, safari ya saa tatu na ushee, ukikaa madaraja ya chini na si kwenye viti vya sofa. Wakerewe, Wajita, Wakara na wafanyabiashara wa kila aina wamebanana na kuku wao. Sikiliza nani anamwomba nani amwangalizie mzigo, na nani haombwi. Usirekodi watu kwa simu kwa siri. Andika ukishuka.

Mwandishi wa kusoma kwa hatua hii ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikachapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Namtaja kwa sababu moja ya kiufundi. Hadithi yake inaanzia kwenye lawama: mke hana mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua. Ugeni wa ukweni, pombe ya ndizi, namna ya kuongea na baba mkwe, vyote tunavijua kwa kuwa mume ana shida: anamtaka mkewe arudi. Kwa hiyo mhusika wako akishajikwaa kwenye mila fulani, ieleze kwa kadiri anavyoihitaji ili ainuke. Zaidi ya hapo unaandika kijitabu cha watalii.

Hatua ya 4: Andika tukio, kisha ulifute, kisha uliandike

Hapa ndipo kazi ilipo, nitakaa kidogo. Rasimu ya kwanza ya tukio letu, kama inavyotoka kwa wengi:

*"Wewe ni Mkurya?" Mama Kabula aliuliza kwa hasira. "Mimi sipangishi Wakurya! Nyie ni wakali, mnakatana mapanga!" Bhoke aliumia sana moyoni. Alijiuliza ni kwa nini watu wanabaguana ilhali sote ni Watanzania.*

Kila kitu kimeshasemwa, msomaji hana la kufanya. Mama Kabula hana anachopoteza. Bhoke hana kazi ila kuumia. Na sentensi ya mwisho si ya Bhoke hata kidogo. Fundi cherehani anayetafuta chumba juani anawaza miguu yake na nauli. Hiyo ni sentensi ya mwandishi aliyeogopa kwamba hatutaelewa.

Rasimu ya pili:

*Mama Kabula alikuwa anapepeta mchele. Dalali alisimama mlangoni bila kuingia, akasema huyu dada ni fundi, ana pesa yake, hana mtoto.*

*"Shikamoo mama."*

*"Marahaba mwanangu. Karibu, keti hapo." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Umetembea na jua lote hili. Limi! Mletee dada maji."*

*Maji yalikuja kwenye kikombe cha bati, ya mtungini, baridi. Bhoke akanywa yote.*

*"Chumba chenyewe ni kile chenye pazia. Umeme tunachangia. Kodi elfu hamsini, unaanza na miezi mitatu." Akapuliza makapi. "Kwenu hasa ni wapi?"*

*"Nimekulia hapa hapa, Igoma."*

*"Wazazi?"*

*"Wako Tarime."*

*Ungo ukasimama. Kisha ukaendelea.*

*"Tarime pazuri. Kuna hewa." Akaokota kijiwe, akakitupa uani. "Sasa mwanangu, hiki chumba kuna mtu alishakitaja. Lakini wewe umekuja na miguu yako, siwezi kukufukuza. Ukiweza miezi sita nitajua la kumwambia."*

*Dalali akaangalia simu yake.*

*"Na wageni wa kulala, kaka nani, binamu nani, hapana. Hapa tunapenda utulivu."*

*"Sina kaka mjini hapa, mama."*

*"Nasema tu."*

Neno Mkurya halimo. Kilichotokea ni kwamba laki moja na nusu imekuwa laki tatu, na msomaji amepiga hesabu mwenyewe. Maji bado yalikuwa baridi, na ukarimu wa Mama Kabula ni wa kweli. Usiuondoe ili aonekane mbaya, maana ukiuondoa umemsaidia msomaji kusema "mimi siko hivyo". Tazama pia jibu la kwanza la Bhoke. Hakusema Tarime. Ameshaulizwa "kwenu wapi" mara nyingi kiasi cha kuwa na jibu la akiba, na hilo linatueleza maisha yake kuliko aya nzima ya huzuni. Dalali naye anajua kila kitu. Udalali wake unategemea chumba hiki kichukuliwe, kwa hiyo simu yake ghafla ina habari muhimu.

Swali "kwenu wapi" lenyewe ni la kawaida kabisa, adabu hasa. Asiyeuliza anaonekana anajisikia. Ndiyo maana linafaa sana kwa hadithi. Swali lile lile linaweza kufungua ujamaa au kufunga mlango, na aliyeuliza anaweza kujitetea siku zote kuwa alikuwa anasalimia tu.

Baada ya hapo fanya kitu ambacho waandishi wengi wanakiogopa: mpe aliyebaguliwa dharau yake mwenyewe. Usiku Bhoke anampigia dada yake simu, anamwigiza Mama Kabula anavyovuta maneno, wanacheka mpaka salio linakatika. "Wasukuma hawakwambii hapana, wanakuzungusha mpaka uchoke mwenyewe." Si kwamba makosa yao yanalingana, mmoja ana chumba na mwingine hana. Lakini Bhoke sasa ni mtu.

Na mabadiliko? Achana na mtumbwi unaozama. Miezi minane ndani ya hadithi, Mama Kabula anampa Bhoke kazi ya kushona sare za sendoff ya Kabula, anamlipa kwa wakati, na anamsifia kwa wageni: "Huyu Mkurya wangu ana roho nzuri, si kama wenzake." Wageni wanaitikia. Bhoke ana sindano mdomoni, hawezi kujibu. Kwa maoni yangu "si kama wenzake" ni sentensi nzito kuliko tusi lolote la rasimu ya kwanza, kwa kuwa imesemwa kwa mapenzi.

Hatua ya 5: Lugha mdomoni mwa mhusika

Vichekesho vya redio na runinga vimetuzoesha Msukuma wa "habali" na "balabala". Kwenye ukurasa, ukiandika lafudhi ya mhusika mmoja tu na wengine wote ukawapa Kiswahili cha kitabuni, msimulizi wako ameshajiunga na wanaocheka. Hakuna anayeongea bila lafudhi. Karani wa kutoka Pwani ana yake, mwalimu wa Bukoba ana yake. Ama uandike za wote, ama uache ya kila mtu na utumie mwendo wa sentensi, salamu na mpangilio wa mawazo.

Maneno machache ya lugha ya nyumbani yanatosha. "Mwangaluka mayu," anasema mtu asubuhi, na mama anaitikia bila kuacha kufagia. Msomaji wa Lindi ataelewa kuwa ni salamu, huhitaji kumtafsiria. "Wabeja" baada ya kupokea kitu inajieleza. "Ngosha" (mwanaume) angalia anayelitamka: mke, rafiki, au kondakta anayetaka kumpandisha mtu gari lisilo lake.

Mbinu yenye faida kubwa zaidi ni ya kubadili lugha. Mzee Masanja akiwa ofisi ya ardhi anaongea Kiswahili cha kuokoteza: "Nimekuja... ile karatasi. Ya shamba." Akitoka nje anamgeukia mkewe kwa Kisukuma, na Kisukuma hicho wewe unakiandika kwa Kiswahili chako bora kabisa:

*"Yule mtoto ameniuliza jina mara tatu, utadhani nimeliiba kwa mtu. Nimegawa mashamba ya ukoo mzima chini ya mti, kwa maneno tu, na hakuna aliyerudi kulalamika. Leo nimeshindwa kutaja mpaka wangu mwenyewe kwa sababu meza yake ni ndefu."*

Msomaji aliyemwona bubu dakika moja iliyopita anajikuta mbele ya msemaji. Hujahubiri chochote kuhusu heshima ya lugha za makabila.

Hatua ya 6: Tenga utani na dharau

Mwandishi asiyejua utani ataandika ugomvi mahali ambapo kuna mapenzi. Wasukuma na Wazaramo ni watani. Mtani anaweza kufika msibani akamwigiza marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, akasema kuhusu ukoo wa wafiwa maneno ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo, na wafiwa wakacheka huku machozi yanatoka. Kazi yake inajulikana, na siku msiba ukiwa kwake atalipwa.

Ili uone pale utani unapogeuka, angalia kama anayetaniwa ana ruhusa ya kujibu. Dereva Mzaramo na kuli Msukuma wa mwaloni wakirushiana maneno kuhusu michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na madafu, wako sawa. Mwenye mzigo anayewasikia, si mtani wa yeyote, akarudia mstari ule ule wa michembe wakati wa kulipa ujira, pale kuli hawezi kujibu kwa sababu hela haijatoka mfukoni. Andika kicheko cha kwanza kwa urefu. Cha pili kiandike kwa mstari mmoja, halafu waonyeshe wakihesabu magunia.

Hatua ya 7: Chuki inayoua

Huwezi kuandika Kanda ya Ziwa ukakwepa mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi kwa macho yao mekundu, na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Wengi wanayaandika vibaya: panga, damu, mganga mwenye mafuvu, na mwokozi kutoka Dar es Salaam mwenye kompyuta mpakato.

Macho mekundu yana sababu ya jikoni. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi, mabua na samadi kavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, moshi unamla macho. Kila mtu kijijini anaujua moshi huo. Hivyo hadithi yako isiulize kwa nini watu hawajui. Iulize ni lini waliamua kusahau. Kwa kawaida kuna mtoto aliyekufa, kuna ramli, kuna mganga anayesema "mtu wa karibu" bila kutaja jina, na kuna shamba ambalo bibi anaishi juu yake. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na haijawahi kuzuia jirani kupunguza salamu.

Anzia hapo basi, kwenye salamu iliyopungua. Mkwe aliyekuwa anamwachia bibi watoto akienda gulioni sasa anaenda nao mgongoni. Mtu anapima mpaka kwa hatua, jioni, akidhani haonekani. Bibi mwenyewe usimfanye malaika. Awe mchoyo wa chumvi, awe na mdomo, awe anajua dawa ya tumbo ambayo nusu ya kijiji imeinywa. Mganga naye ana ada ya shule ya kulipa na wateja wanaosubiri jibu. Asipotoa jibu wataenda kwa mwingine. Mhusika wa kumfuatilia kwa karibu, ukiniuliza mimi, ni jirani anayejua siku ya mauaji na hasemi.

Kuhusu ualbino, msimulizi aseme mtu mwenye ualbino. Wahusika waseme wanavyosema watu wa aina yao, na hadithi iwajibu. Usieleze ngozi yake kila anapoingia. Kofia, mafuta ya jua, kuomba kukaa dawati la mbele kwa sababu haoni ubaoni: hayo ni mambo ya siku, yaandike kama unavyoandika viatu. Na usiandike kwa kina kile ambacho waganga hudai viungo vinafanya. Hadithi haikihitaji, na kuna msomaji mmoja ambaye hutaki akisome.

Hatua ya 8: Watu wa pembeni

Pitia muswada umtafute Mhindi wa duka asiye na jina, mlinzi Mmasai anayesema neno moja, mfanyakazi wa ndani kutoka Kigoma anayelia. Wape jina au waondoe. Usukumani wapo wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wanaoongea Kisukuma kuliko wajukuu wa watemi. Mmoja tu akijibu "wabeja" kaunta ya Makoroboi, duka zima linabadilika.

Hatua ya 9: Pima kabla ya kuchapisha

Kwanza badilisha majina. Chacha wa Kikurya mwite Masanja wa Kisukuma, na Masanja umwite Mutalemwa wa Kihaya, usome upya. Mhusika akibaki mtu yule yule, historia yake tu ndiyo iliyohama, vizuri. Hadithi ikianguka kwa sababu ugomvi wake ulikuwa na maelezo mamoja tu, "ni Mkurya", rudi hatua ya 2.

Pili, futa majina halisi ya vijiji na koo kwenye tukio lolote la mauaji au tuhuma za uchawi. Buni kijiji, kiweke kati ya viwili vinavyojulikana. Kwa wanaochapisha mtandaoni, kumbuka kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina vifungu kuhusu maudhui ya kibaguzi. Mhusika anayetukana ndani ya hadithi kamili ni kitu kimoja; kipande chake cha tusi kilichokatwa na kusambazwa peke yake, hakuna anayeona hadithi. Kama unauza kwa vipande, usimalizie kipande kwenye tusi.

Tatu, tafuta wasomaji wawili kutoka jamii uliyoiandika, wasiofanana: mzee na kijana, au wa kijijini na wa mjini. Usiwaulize "imekaaje?" kwa kuwa watakwambia imekaa poa. Waombe waweke alama walipocheka, walipochoka, na walipotaka kumrekebisha mtu. Mpe mmoja soda na muda. Akikwambia mila fulani haiendi hivyo, badilisha siku hiyo hiyo. Akikwambia "sisi hatuko hivyo, unatuaibisha", muulize ni sentensi ipi. Wakati mwingine utagundua msimulizi wako amecheka mahali, na wakati mwingine utagundua umegusa kweli ambayo yeye angependa ibaki ndani ya nyumba, na hapo uamuzi ni wako. Na akinyamaza kwenye ukurasa wa Mama Kabula na ungo wake, kisha akasema "shangazi yangu anaongea hivi hivi", usiuguse tena ukurasa huo.